Si kweli kwamba hospitali ya serikali hununua dawa Bohari ya Dawa (MSD) pekee

Kuanzia Mbeya hadi Iringa, mgonjwa akiambiwa dawa hakuna, husikia sababu ileile: "MSD hawajaleta, na hospitali hairuhusiwi kununua kwingine." Nusu ya kwanza huwa kweli. Ya pili si kweli.

Bohari ya Dawa ndiyo mlango wa kwanza. Ikikosa kitu kwenye oda, kituo hupewa taarifa ya maandishi ya kukosekana, kisha hununua kwa mshitiri, muuzaji aliyeingia mkataba na mkoa kwa bei zilizokubaliwa. Utaratibu huu ulianza Dodoma mwaka 2014.

Mambo hukwama kwenye karatasi. Ukinunua kabla ya kupata taarifa ile, unazaa hoja ya ukaguzi. Ukisubiri rafu ibaki tupu ndipo uagize, siku zote za kusubiri anazibeba mgonjwa. Agiza ukiwa bado na akiba.

Mzigo ukifika, kamati ya mapokezi ifungue katoni: ihesabu makopo, isome namba ya toleo na tarehe ya kuisha, ilinganishe na oda. Saini bila kuhesabu ni hatari kubwa, maana upungufu ukigundulika baadaye, leja itaonyesha ulipokea vyote.