Namba si tasa. Vigawo vyake ni swali jingine

Nimechoka kujibu hoja ileile, kwamba anayedai namba fulani si tasa (yaani inagawanyika bila baki kwa namba nyingine zaidi ya 1 na yenyewe) sharti avitaje vigawo vyake, la sivyo anakisia tu. Dai hilo si kweli, na karne ya 19 ilishalimaliza.

Chukua 91. Mwanahisabati Mfaransa Fermat alituachia kanuni kwamba, kwa kila namba tasa p isiyo 2, 2^(p−1) ikigawanywa kwa p hubakiza 1. Sasa 2^12 ni 4,096, yaani 91 mara 45 na baki 1, kwa hiyo ukitaka baki la 2^90 unaondoa 12 mara saba kwenye kipeo na kubakiwa na 2^6, ambayo ni 64. Kwa kuwa 64 si 1, namba 91 si tasa, na hatukuhitaji kujua kwamba ni 7 mara 13. (Ile saba ya kuondoa 12 imesadifu tu, tafadhali msiniandikie.)

Kinachoniudhi zaidi ni wanaogeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu, wakadhani kila namba inayobakiza 1 ni tasa. Namba 341 inabakiza 1, ilhali ni 11 mara 31. Na 561 inapita hata ukiweka mahali pa 2 namba nyingine yoyote isiyoshirikiana nayo kigawo, ingawa yenyewe hugawanyika kwa 3. Jaribio hili linaweza kuitia namba hatiani, lakini haliwezi kuitakasa.

Namba kubwa ninayopenda kuitolea mfano ni 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2^67 − 1, ambayo mtawa Mfaransa Mersenne aliitia katika orodha yake ya namba tasa mwaka 1644. Jaribio la Fermat kwa 2 halisaidii hapa, kwa sababu namba zote za sura hii hulipita kipeo kikiwa tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwa njia nyingine kwamba si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja. Katika sura inayotumika leo, unaanza na 4, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unachukua baki la kugawanya kwa namba inayopimwa, na kurudia hivyo mara 65. Baki la mwisho likiwa 0 namba ni tasa, lisipokuwa 0 si tasa, na safari hii kanuni inakata pande zote mbili. Vigawo vilisubiri hadi 1903, Frank Nelson Cole alipoonyesha 193,707,721 mara 761,838,257,287. Ile hadithi kwamba aliandika ubaoni bila kutamka neno naipenda, lakini siiamini sana.

Wanafunzi huambiwa kwamba kutafuta vigawo ni kazi ngumu kuliko kupima utasa, nami hufundisha hivyo, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba ugumu huo haukwepeki. Tunautegemea kwa mazoea. Tazama 2^1,048,576 + 1, yenye tarakimu 315,653: imejulikana tangu miaka ya 1980 kwamba si tasa, na hadi sasa hakuna kigawo chake kilichopatikana. Ushahidi wenyewe ni baki refu mno kukaguliwa kwa macho, hivyo njia iliyopo ni kurudia hesabu nzima kwa programu nyingine, kwenye mashine nyingine, na kulinganisha majibu.