Kundi la Mtaa Si Kituo cha Polisi: Dhana Potofu kuhusu Usalama na Faragha ya Majirani

Katika mitaa mingi ya Nakuru, kuanzia Lanet hadi Kiamunyi, na vilevile Migosi na Mamboleo kule Kisumu, shughuli za ulinzi wa ujirani zimehamia kwenye simu. Programu zilizoundwa mahususi kwa majirani, mfano wa Nextdoor ya Marekani ambayo humtaka mtu athibitishe anwani yake, si za kawaida huku kwetu. Kazi hiyo tumeipa WhatsApp, ambayo haimuulizi mtu anaishi wapi, na dhana nyingi potofu zinatokana na kusahau jambo hilo.

Dhana: Mazungumzo ya kundi ni siri kwa sababu WhatsApp imeyafunga. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ujumbe husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa fumbo, tangu unapotoka kwa mtumaji hadi unapomfikia mpokeaji, hata kampuni yenyewe isiweze kuusoma njiani. Hata hivyo, ulinzi huo unakoma ujumbe unapofika, na kundi moja linaweza kuwa na watu hadi 1,024. Miongoni mwao wamo wapangaji waliohama zamani, walinzi walioacha kazi, na watu walioingia kwa kiungo kilichobandikwa langoni ambacho hakuna aliyekumbuka kukibatilisha. Kila mmoja wao anaiona namba yako ya simu. Na kwa kuwa laini za Kenya husajiliwa kwa jina halisi, mtu akianza tu kukutumia pesa kwa M-Pesa anaweza kuonyeshwa jina lako kabla hata hajakamilisha muamala. Msimamizi makini huwasha mpangilio wa kuidhinisha wanaotaka kujiunga, huwaondoa waliohama, na hubadilisha kiungo mara kwa mara. Ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 hupunguza yanayorundikana, ingawa haumzuii mtu kupiga skrinshoti.

Dhana: Kusambaza picha ya mshukiwa ni kuwasaidia polisi. Hii ndiyo dhana yenye hatari kubwa kuliko zote. Picha ya kijana aliyesimama karibu na geti inatumwa usiku ikiwa na maneno "Huyu ndiye mwizi wetu", na kabla ya kupambazuka imeshafika katika makundi ya mitaa mingine, ambako hakuna anayejua kwamba pengine kijana huyo ni fundi wa maji au mgeni aliyepotea ploti. Tangu mwaka 2020 ujumbe uliosambazwa mara nyingi hauwezi kutumwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati, lakini hilo hupunguza kasi tu. Mwenye nia ataunakili. Nchini Kenya kelele ya "mwizi!" imewahi kukatisha maisha ya watu wasio na hatia, na anayeshiriki kumpiga mtu hadi afe anaweza kushtakiwa kwa mauaji, hata kama marehemu aliiba kweli. Wakazi wa Nakuru na Kisumu wana sababu nyingine ya kujihadhari, kwa kuwa wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, jumbe fupi za simu zilitumika kueneza chuki dhidi ya jamii nzima nzima. Ujumbe unaomtaja mshukiwa kwa kabila lake haumsaidii yeyote kumtambua.

Ujumbe wa manufaa huwa mfupi na husema kilichoonekana: "Saa nane na robo usiku. Wanaume wawili, mmoja ana kofia nyekundu, wanapita nyuma ya ploti za karibu na kisima kuelekea barabara ya lami. Nimeshapiga 999." Jirani anayeusoma anajua afunge mlango upi na awashe taa ya upande gani. Picha yenyewe, au rekodi ya kamera, ihifadhiwe ilivyo na ikabidhiwe polisi, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki ukifika mahakamani huulizwa ulitoka wapi na nani aliuhifadhi.

Dhana: Nikishaandika kwenye kundi, nimeripoti. Hujaripoti, hata kama afisa wa kituo cha karibu ni mwanakundi, maana huenda amelala. Piga 999, 112 au 911, kisha uende kituoni upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Dhana: Nyumba Kumi inawaruhusu viongozi wa mtaa kukusanya na kutangaza habari zozote za wapangaji. Mpango huo ulihimizwa na serikali mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, ili majirani wafahamiane. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inatambua kamati za ulinzi shirikishi, lakini haimpi mwenyekiti mamlaka ya kupekua nyumba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huacha nje shughuli ambazo ni za kibinafsi au za nyumbani pekee; chama cha wakazi kinachotoza ada na kuweka orodha ya namba za vitambulisho na magari kitapata shida kujiita shughuli ya nyumbani. Kwa maoni yangu, jina, namba ya nyumba na simu ya dharura vinatosha, na orodha ishikwe na mtu mmoja au wawili, isitundikwe kundini.

Dhana: Faragha ni ya wenye la kuficha. Mwezi Desemba utasoma, kwa nia njema kabisa, "Tunaelekea ushago hadi Januari, mtuangalizie nyumba." Familia hiyo imewatangazia watu mia tatu kwamba nyumba ni tupu, na kwa muda gani. Jirani mmoja anayeaminika angetosha. Yupo pia mwanamke aliyehama ili kumkimbia mume mkatili, ambaye akiingizwa kundini bila kuulizwa, namba yake na mtaa anaoishi vinajulikana kwa wakati mmoja. Katika mipangilio ya faragha ya WhatsApp, sehemu ya makundi, mtu anaweza kuchagua ni nani awezaye kumwingiza, naye msimamizi anapaswa kumpigia simu kwanza.