Kusikia sauti ya Mungu katika maombi: maana yake ni nini?

"Bwana amesema nami." Ukiishi Nairobi na ukawa mtu wa kanisa, utayasikia maneno haya kila wiki. Husemwa kwenye kesha za Ijumaa, kwenye jumuiya ndogo ndogo za mitaani, na katika bustani ya Jeevanjee saa ya chakula cha mchana, wahubiri wanapopokezana mbele ya watu waliotoka kazini. Mmoja anashuhudia kwamba Mungu amemwambia aache kazi. Mwingine ameonyeshwa mke. Mama mmoja anasema tu kwamba amepewa amani kuhusu upasuaji wa mtoto wake. Katikati yao yupo mtu aliyeokoka juzi, anayeomba kwa bidii, ambaye hurudi nyumbani na swali moja: mbona mimi sisikii kitu?

Mtu huyu anastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyemweleza anatarajiwa kusikia nini.

Katika imani ya Kikristo, kusikia sauti ya Mungu ni kutambua jambo ambalo Mungu anataka ulijue, ulitubu au ulifanye, kisha kulijibu. Biblia inasimulia watu walioisikia sauti hiyo kwa masikio, lakini waumini wengi wa leo wanapolitumia neno hili hawazungumzii sauti ya masikioni. Wanazungumzia mstari wa Maandiko unaomkamata msomaji asisonge mbele. Dhambi fulani inayojitokeza wazi moyoni wakati wa sala. Mzigo wa kumwombea mtu ambaye hukuwa ukimfikiria. Amani inayokaa juu ya uamuzi hata baada ya siku kadhaa. Au onyo la ndugu linalogusa palepale ulipokuwa umeficha. Vyote hivi vinasimama juu ya msingi mmoja. Waraka kwa Waebrania unaanza kwa kusema kwamba Mungu aliyesema zamani kwa njia ya manabii amesema nasi katika Mwana. Neno kuu limekwisha kusemwa, nalo ni Yesu Kristo. Lolote unalolisikia chumbani kwako linakaa chini ya hilo.

Makanisa yanatofautiana kuhusu upana wa mlango. Wapentekoste hutoa nafasi kubwa kwa unabii, ndoto na maono. Wakatoliki na Waanglikana huweka mkazo kwenye Maandiko yanayosomwa ndani ya ibada, sakramenti na mafundisho ya Kanisa. Wapo pia Waprotestanti wanaoshikilia kwamba Mungu leo hunena kwa Neno lililoandikwa tu, na kwamba maombi ni mahali pa kulielewa. Sitaumaliza ubishi huo hapa. Wote wanakubaliana kwamba Mungu hajipingi: hawezi kukuambia chumbani kinyume cha alichosema katika Maandiko.

Mfano ambao karibu kila mwalimu huanza nao ni Samweli, katika sura ya 3 ya kitabu cha kwanza cha Samweli. Unastahili kusomwa polepole, maana tumeuzoea kiasi kwamba hatuuoni tena. Kijana amelala hekaluni. Anaitwa kwa jina, anakimbia kwa mzee Eli: "Mimi hapa." Eli hakumwita, anamrudisha akalale. Inatokea mara ya pili, na ya tatu. Maandiko yanasema Samweli alikuwa hajamjua BWANA bado, na kwamba siku zile neno la BWANA lilikuwa adimu. Ni Eli, mzee ambaye macho yake yameanza kupofuka, anayetambua kinachoendelea na kumfundisha la kusema: "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia."

Kijana alisikia vizuri tangu mara ya kwanza, ila hakujua ni nani anayemwita. Alihitaji mtu mzima wa kumsaidia kutambua. Sisi hupenda kuyafikiria maombi kama jambo la mtu na Mungu wake peke yao, na hapa Biblia inamweka mzee katikati ya mwito wa nabii.

Jambo jingine katika simulizi hii hunigusa zaidi. Ujumbe aliopewa Samweli haukuwa na faida yoyote kwake. Aliambiwa kwamba nyumba ya Eli, mzee aliyemlea, itahukumiwa. Akalala hadi asubuhi akiogopa kumwambia. Linganisha na yale tunayoshuhudia kwamba tumeambiwa: gari, nyumba, kupandishwa cheo, adui kuaibishwa. Mungu huwabariki watu wake, siliondoi hilo. Lakini mtu ambaye kila anachosikia kwa Bwana kinafanana na alichokuwa akikitaka tangu jana, ana sababu nzuri ya kusimama na kusikiliza tena.

Eliya naye, mlimani Horebu, alipitia upepo, tetemeko na moto kabla ya "sauti ndogo, ya utulivu". Wengi huukumbuka utulivu huo, wakasahau kwamba sauti ile ilikuja na swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Mara nyingi Mungu wa Biblia huuliza. Anayesubiri maagizo tu anaweza kupitwa na swali.

Je, mtu anajifunzaje? Yesu alisema, "Kondoo wangu waisikia sauti yangu, nami nawajua, nao wanifuata." Kiangazi kikikaza, wafugaji wa Kimaasai huleta mifugo yao mpaka kando ya barabara za jiji hili kutafuta nyasi. Makundi mawili yakichanganyika, kila mchungaji hupiga mluzi wake, na mifugo huanza kutengana yenyewe. Hakuna aliyewafundisha wanyama wale mbinu. Wamekaa na mtu wao, kiangazi na masika, mpaka mluzi wake hauchanganyiki na wa mwingine. Kuitambua sauti ya Mungu hukua vivyo hivyo, kwa kukaa naye hasa katika Maandiko, mpaka unajua namna anavyosema na namna ambavyo hawezi kusema.

Kwa hiyo njia ya kawaida huanza na Biblia iliyofunguliwa. Watawa wa kale walikuwa na desturi ya kusoma kifungu kifupi, kukirudia polepole, kukitafakari, kumjibu Mungu kwa sala, kisha kunyamaza mbele zake. Haihitaji monasteri. Mwanamke anayeishi chumba kimoja katika mtaa wa Pipeline, Embakasi, anaweza kuamka saa kumi na moja alfajiri, kabla wapangaji hawajaanza kugongana na mitungi ya maji kwenye ngazi, akasoma habari za Bartimayo katika Marko 10. Anasoma mara moja yote. Anasoma tena, na safari hii anakwama kwenye maneno ya Yesu: "Wataka nikufanyie nini?" Anayaacha yakae. Alikuwa amekuja kuomba kodi ya nyumba, na ni halali aombe. Lakini swali linapoendelea kumkalia anagundua kwamba anachokitaka hasa ni kuacha kumchukia dada yake, ambaye hawajazungumza tangu mazishi ya mama yao. Hakusikia sauti yoyote chumbani. Hata hivyo ana jambo la kumwambia Mungu ambalo hakuwa nalo alipoamka, na pengine ana simu ya kupiga kabla ya saa nne. Akiliandika kwenye daftari, na tarehe pembeni, ataweza kulirudia baada ya mwezi na kuona kama lilizaa kitu.

Wenye nauli na nafasi huenda msitu wa Karura, au Resurrection Garden, bustani ya sala kule Karen, au huingia kanisa lililo wazi katikati ya mji wakakaa kimya nusu saa. Ni vizuri. Lakini asiwepo wa kudhani kwamba Mungu anawangoja wenye nauli.

Sehemu ya pili ya kujifunza ni kupima, na hapa ndipo penye upungufu mkubwa makanisani mwetu. Watu wengi hudhani kwamba kupima neno ni kukosa imani. Paulo anayaweka mambo haya mawili kwenye pumzi moja akiwaandikia Wathesalonike: "Msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Kwa Wakorintho anaagiza kwamba manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Yohana anasema msiiamini kila roho. Kwa mitume, kupima kulikuwa sehemu ya kusikiliza kwenyewe.

Kuhusu kupima ndani ya moyo, Wakristo wengi wamejifunza kwa Ignatius wa Loyola. Alizaliwa 1491, akawa askari, na mwaka 1521 tufe la mzinga likamvunja mguu vitani Pamplona. Akiwa kitandani alitaka hadithi za mashujaa wa vita. Hazikuwepo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Siku nyingine aliwaza sifa za vita na kumpendeza mwanamke wa ukoo bora. Siku nyingine aliwaza kuishi kama watakatifu Fransisko au Dominiko. Mawazo yote mawili yalimfurahisha wakati yanapita. Baadaye akagundua tofauti: ya kwanza yalimwacha mkavu na asiyetulia, ya pili yalimwacha na furaha iliyobaki. Kutokana na hapo akafundisha watu kuangalia wazo linawaacha wapi. Alifundisha pia kwamba mtu aliye katika ukiwa wa kiroho, yaani moyo mkavu usiotulia, asibadilishe uamuzi alioufanya alipokuwa na utulivu. Wajesuiti, shirika aliloanzisha lililoidhinishwa mwaka 1540, huongoza mafungo ya sala yanayofundisha kupima huku katika kituo chao cha Mwangaza, Karen.

Huku kwetu kulikuwa na shule nyingine. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuingia Kenya muongo huohuo, uliwazoesha ndugu kuleta mambo yao "nuruni". Anayetaka kuoa, au anayesema Bwana amemtuma mahali, aliyaweka mbele ya ushirika, wakaomba pamoja na kumwambia ukweli. Ushirika wenyewe uliweza kuwa mzito na kuwabana watu kwa mambo madogo. Lakini ulijua kwamba moyo wa mtu mmoja ni rahisi kudanganyika.

Mazungumzo ya kupima yanaweza kuwa mafupi tu. Kijana anamwendea mama mchungaji baada ya ibada.

"Mama, Bwana amenionyesha kwamba dada yule wa kwaya ni mke wangu."

"Amina, mwanangu. Na yeye ameonyeshwa?"

"Bado, mama."

"Basi usimwambie umeonyeshwa. Mwambie umempenda, umwache ajibu akiwa huru."

Mama huyu amemkinga dada wa watu. "Mungu ameniambia" likiwekwa mbele ya mtu mwingine humfunga mdomo, maana akikataa anaonekana amemkataa Mungu. Ndiyo sababu neno lolote linalokutaka utume pesa sasa hivi, ukate uhusiano na jamaa zako, uache dawa za hospitali, au usimwulize mtu mwingine, unapaswa kuliogopa. Mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Waliokufa walikuwa wafuasi wa dhehebu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu, watoto wakiwa miongoni mwao. Hakuna Mkristo katika nchi hii anayeweza kuzungumza juu ya kusikia sauti ya Mungu kana kwamba hilo halikutokea.

Liko pia jambo la afya, na halina aibu yoyote. Mtu anayesikia kwa masikio sauti zinazomtukana, zinazomwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine, au asiyelala siku kadhaa huku akipokea ujumbe usiokoma, apelekwe kwa daktari, na kanisa liendelee kumwombea akiwa huko. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari ipo kwa ajili ya watu kama hao, na kumpeleka huko ni kumpenda.

Baada ya kupima yote haya, bado utakuta majira ambapo hakuna kitu. Unasoma, unanyamaza, unaandika tarehe, na ukurasa unabaki mtupu. Zaburi ya 13 inaanza na mtu wa namna hiyo: "Ee BWANA, hata lini?" Mama Teresa wa Kolkata alisema alipata mwito wa kuwahudumia maskini akiwa ndani ya treni ya kwenda Darjeeling, tarehe 10 Septemba 1946. Barua zake, zilizochapishwa mwaka 2007, zinaonyesha kwamba baada ya kuianza kazi hiyo aliishi karibu miaka 50, hadi kifo chake 1997, bila kuhisi uwepo wa Mungu ila kwa vipindi vifupi. Hakutafuta ujumbe mpya wa kuziba ukimya ule. Aliendelea kusali, akawaeleza viongozi wake wa kiroho giza alilokuwa nalo, na kila siku akarudi kwa wagonjwa aliotumwa kwao. Masista wa shirika lake wanafanya kazi hiyohiyo hapa Nairobi, mtaani Huruma. Ukienda kusaidia kuwaogesha na kuwalisha wanaotunzwa pale, hakuna atakayekuuliza kama umesikia sauti asubuhi hiyo.