Uso wa kijani, vidole virefu: dhana potofu kuhusu michoro ya Egon Schiele

Michoro ya sura aliyoichora Egon Schiele mjini Vienna, Austria, kuanzia mwaka 1910 huwashtua wengi. Uso una madoa ya kijani, vidole vimerefuka kupita kiasi, kiwiliwili kimepinda. Maelezo yanayotolewa haraka haraka mengi hayana msingi.

Dhana: Alipinda maumbo kwa sababu hakujua kuchora.

Schiele alipokelewa katika Akademia ya Sanaa ya Vienna mwaka 1906, akiwa na miaka 16, na huko alifundishwa kuchora mwili kwa vipimo. Hakutumia raba. Fuatilia mstari wake unavyoshuka toka begani hadi nyongani kwa mkupuo mmoja: mifupa ipo, viungo vinashikana. Alirefusha pale alipotaka jicho lako likae. Oktoba 1918, mkewe Edith alipokuwa akifa kwa mafua ya Kihispania, ugonjwa ulioenea duniani na kumuua Schiele mwenyewe siku tatu baadaye, Schiele alimchora kwa chaki nyeusi bila kupinda chochote.

Dhana: Kila rangi ina maana yake, nyekundu ni hasira, kijani ni wivu.

Hii ndiyo inayotunyima mengi zaidi. Schiele alichora mistari mtu akiwa mbele yake, lakini rangi aliipaka baadaye, kwa kumbukumbu, mtu huyo akiwa hayupo. Kwa hiyo rangi hiyo si taarifa ya ngozi ilivyokuwa, na wala si fumbo la kufumbuliwa kwa orodha ya maana. Angalia imewekwa wapi. Nyekundu mara nyingi iko kwenye kope, midomo, viwiko na vifundo vya vidole, pale damu na mfupa vilipo karibu na ngozi. Kando yake kuna kijani au buluu, na nyekundu ikikaa jirani na kijani huwaka zaidi. Ndiyo maana mwili ule unaonekana kama unauma ukiguswa, hata kama uso umetulia.

Katika michoro kadhaa ya miaka hiyo ya mwanzo, mwili umezungushiwa ukingo wa guashi nyeupe, ile rangi nzito ya maji. Ukingo huo huutenga mwili na karatasi tupu. Utupu wenyewe haumaanishi kazi haikumalizika. Alikuwa akitia saini na mwaka hapo hapo.

Dhana: Sura zilizokunjamana ni dalili ya wazimu, au ya mateso ya jela.

Alifungwa siku 24 mwaka 1912. Sura hizo zilikuwepo tangu 1910. Alikuwa na kioo kikubwa studioni na alijipanga mbele yake kwa makusudi. Picha alizopigwa na Anton Josef Trčka mwaka 1914 zinamwonyesha akiweka vidole katika mikao ile ile ya michoro yake.