Sindano ya gotini sio grisi, na sio ya kila mwezi

Wiki haipiti kliniki yetu ya mifupa hapa Dodoma bila mama mmoja kuniambia "dokta, mi sindano ya goti nishachomwa, haikunisaidia kitu." Nikimuuliza ulichomwa wapi, anashika tako. Hiyo mama yangu ni dawa ya maumivu tu, mara nyingi diklofenaki, inazunguka mwili mzima na ukiizoea inaumiza tumbo na figo. Ninayoongelea mimi inaingia ndani ya goti lenyewe.

Mwisho wa mfupa kuna gegedu, ile nyama ngumu nyeupe inayoteleza kama ya kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Umri ukienda, uzito ukizidi, au kama uliwahi kuumia goti, gegedu inasagika, asubuhi goti linakakamaa, ukitembea linalia kama changarawe na choo cha kuchuchumaa kinakuwa mtihani. Watu wanasema ute umekauka, wanaanza kunywa maji ya bamia. Jamani, ingekuwa vya kuteleza ndo vinatibu magoti, huku Ugogoni kwa mlenda tunaokula hakuna bibi angeshika mkongojo! Tena goti la hivyo mara nyingi halijakauka, limejaa maji mpaka limevimba.

Sindano inayotumika sana ni ya stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Unalala kitandani, ngozi inasafishwa vizuri, tunaweka ganzi, na kama kuna maji tunayavuta kwanza kwa bomba. Maji ya ugonjwa huu huwa ya njano na unaona upande wa pili, kama mafuta ya alizeti yale yanayouzwa pembeni ya barabara ukielekea Singida. Yakitoka na ukungu kama maji ya kuoshea mchele siweki dawa, nayapeleka maabara, maana inaweza kuwa bakteria na stiroidi inapunguza nguvu ya mwili kupambana nao.

Siku 1 au 2 za mwanzo goti linaweza kuuma zaidi, ni kawaida, pumzisha. Baadaye unafuu unakuja, wengi ni wa wiki kadhaa, wengine unafika miezi 3, na wapo ambao hawapati kitu. Ni kwa sababu dawa inatuliza uvimbe tu ndani ya goti, gegedu hairudishi. Sasa huo unafuu ni kama mvua zetu za Dodoma, ikinyesha unakimbilia shamba hukai barazani kuitazama. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, hesabu mpaka 5, shusha, rudia mara 10 kila mguu, kila siku, ili misuli ya paja ibebe goti. Na punguza uzito, hata kilo chache goti linazisikia.

Mwenye kisukari aseme mapema kabla hajachomwa, sukari inaweza kupanda siku kadhaa hata wiki, kwahiyo pima kila siku. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda na yeye aseme.

Kuna wanaokuja kila mwezi wanataka tena, nawakatalia na wananuna. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2017 ulichoma watu stiroidi kila wiki 12 kwa miaka 2, gegedu yao ikapungua zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Kwahiyo hata ya kila miezi 3 isiwe mazoea, na chini ya hapo ndo nakataa kabisa.

Zile za "kuongeza ute", asidi ya hayaluroniki, zamani ilitolewa kwenye upanga wa jogoo, nyingine mpaka leo. Bei imechangamka, ila miongozo mingi haishauri itumike kwa kila mtu. Ya kutumia damu yako mwenyewe ushahidi wake bado unavutana, mi nisingemshauri mtu auze mbuzi kwa ajili yake.

Ukishachomwa, goti likiwa la moto na jekundu, homa ikapanda, au maumivu yakazidi baada ya siku 3, njoo siku hiyohiyo usisubiri Jumatatu. Na kama mmefikia kuongelea kubadilishiwa goti, mwambie daktari wa upasuaji tarehe ya sindano ya mwisho, isipotimia miezi 3 atakuahirisha kwa kuhofia maambukizi. Kwahiyo kile kikaratasi cha kliniki chenye tarehe usikifungie maandazi.