Rudolph wa 1964: yanayosemwa na yaliyokuwa

Jumapili jioni, tarehe 6 Desemba 1964, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha hewani filamu ya vikaragosi iliyojaza saa nzima pamoja na matangazo ya mdhamini wake, General Electric. Ilimhusu Rudolph, reindia mchanga, yule mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe za matawi, aliyezaliwa na pua nyekundu inayowaka. Tangu hapo haujapita mwaka bila filamu hiyo kuonyeshwa: kwanza NBC, kuanzia 1972 CBS, na mwaka 2024 ikarudi NBC. Kitu kinachorudiwa namna hiyo kila mtu hudhani anakijua, na ndiyo maana uzushi umejaa. Isitoshe, filamu iliyoonekana jioni ile ya kwanza siyo hasa ile wanayoikumbuka watu waliokua nayo. Hilo nitalifikia.

Eti Rudolph ni hadithi ya kale ya Ulaya

Wale reindia wanane wanaovuta gari la Santa ndio wana umri kidogo. Majina yao yalionekana katika shairi lililochapishwa gazetini mjini Troy, jimbo la New York, mwaka 1823. Humo Rudolph hayumo. Yeye alizaliwa Chicago mwaka 1939, mezani kwa mwandishi wa matangazo wa Montgomery Ward, kampuni kubwa ya maduka na ya kuuza bidhaa kwa katalogi. Kila Krismasi kampuni hiyo ilikuwa ikinunua vitabu vya kupaka rangi na kuvigawa kwa watoto waliofika dukani na wazazi wao. Safari hii wakaamua kutunga chao. Kazi akapewa Robert L. May, na nakala milioni 2.4 zikagawiwa bure msimu huo huo. Kwa hiyo tangu mwanzo Rudolph ni mtoto wa idara ya mauzo. Halimpunguzii kitu, ila linawaudhi wanaotaka kila jambo la Krismasi liwe na mvi.

Wakubwa wa kampuni walisita mwanzoni kwa sababu ya pua: watu wangeona pua nyekundu wakafikiria mlevi. May akamchukua mchoraji mwenzake, Denver Gillen, wakaenda bustani ya wanyama ya Lincoln Park kuchora. Mabosi walipoiona ile michoro wakalainika.

Eti May aliitunga kumliwaza bintiye, kisha kampuni ikaisikia na kuinunua

Hii husambaa mitandaoni kila Desemba, na ni ngumu kuing'oa kwa sababu nusu yake ni kweli. Kweli ni kwamba mkewe May, Evelyn, alikuwa akiugua saratani, na alifariki Julai 1939. Kweli pia kwamba walikuwa na binti mdogo, Barbara, aliyekuwa akisomewa beti kadiri zilivyoandikwa. Lakini hadithi ilikuwa kazi ya ofisini aliyoagizwa na mkuu wake mapema mwaka ule. Baada ya msiba mkuu huyo alimwambia yuko tayari kumpa mtu mwingine amalizie. May akakataa, akaimaliza mwenyewe Agosti. Mimi naona habari hii halisi ina uzito kuliko ile ya mitandaoni, maana ile inamtoa mtu kazini na kumgeuza malaika.

Malipo? Kwa kuwa aliandika akiwa mwajiriwa, haki zilikuwa za kampuni. Mwaka 1947 kampuni ikamkabidhi hakimiliki zote, jambo ambalo si la kawaida kwa wafanyabiashara. Shemeji yake, Johnny Marks, ndiye aliyeutunga wimbo, na Gene Autry akaurekodi mwaka 1949. Ni wimbo huo, wala si kitabu, uliomtangaza Rudolph duniani.

Eti filamu inafuata kitabu

Haifuati. Katika kitabu Rudolph haishi Ncha ya Kaskazini wala hana undugu na kundi la Santa. Santa anamkuta kwa bahati, usiku wa ukungu, akiwa kwenye mizunguko ya kugawa zawadi. Televisheni ndiyo iliyomfanya mtoto wa Donner, mmoja wa wale wanane. Hermey, msaidizi mdogo wa Santa anayetamani kuwa daktari wa meno, Yukon Cornelius mtafuta madini, na kisiwa cha vitu vya kuchezea vyenye kasoro, vyote vilitoka kwa mwandishi wa filamu, Romeo Muller. Tena 1964 haikuwa mara ya kwanza Rudolph kuonekana katika filamu. Max Fleischer alikwisha kumtengenezea katuni fupi ya kuchorwa mwaka 1948.

Eti vikaragosi ni vya udongo, na filamu ni ya Hollywood

Hapa ndipo kosa linapowaumiza watu halisi, kwa kuwa linafuta majina ya waliofanya kazi. Kampuni iliyosimamia ilikuwa ya New York, Videocraft International, baadaye Rankin/Bass, ya Arthur Rankin Jr. na Jules Bass. Sauti zilirekodiwa Toronto, Kanada. Kazi ya mikono, yaani kuchonga, kuvisha, kusogeza na kupiga picha, ilifanyika Tokyo katika studio ya MOM Production chini ya Tadahito Mochinaga. Huyu Mjapani alikuwa ameshafanya kazi China, na ni miongoni mwa walioweka msingi wa filamu za vikaragosi kule, kabla hajarudi kwao miaka ya 1950.

Udongo haumo. Vikaragosi vilikuwa vya mbao, waya, kitambaa na ngozi, na ndevu za Santa zilikuwa za manyoya ya yaki, aina ya ng'ombe mwenye manyoya marefu. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Fundi anainua mguu wa Rudolph kidogo sana, anajitoa, picha inapigwa, anarudi kuusogeza tena, na akigusa pembe kwa bahati mbaya mtazamaji ataiona ikiruka. Kazi nzima ilichukua zaidi ya mwaka. Ndiyo maana Rudolph ana ule mwendo wa kukwamakwama, ambao wengine huucheka wakidhani ni umaskini wa vifaa. Mimi naupenda. Unaona kabisa kwamba kuna mtu alikuwa pale.

Vikaragosi viwili, Rudolph na Santa, viliokoka kwa sababu katibu muhtasi wa kampuni alivichukua kwake, familia ikawa inaviweka chini ya mti wa Krismasi. Rudolph ana urefu wa sentimita 15 hivi, Santa 28. Novemba 2020 viliuzwa mnadani kwa dola 368,000, na sasa viko kwenye makumbusho ya Center for Puppetry Arts, Atlanta. Pua bado inawaka.

Eti sauti ya Rudolph ni ya mvulana

Ni ya Billie Mae Richards, mwanamke wa Kanada aliyekuwa ameshapita miaka 40. Jina lake liliandikwa "Billy" kwenye filamu, kwa hiyo asiyejua hawezi kulaumiwa. Mwenye jina kubwa kati ya waliotoa sauti alikuwa Burl Ives, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, aliyecheza msimulizi, mtu wa theluji anayeitwa Sam.

Eti waliomtesa Rudolph ni watoto wenzake tu

Wimbo ndio unaotudanganya hapa, kwa kuwa unawataja reindia wengine basi. Ukiirudia filamu ukiwa mtu mzima utakaa vibaya kitini. Wa kwanza kuona haya ni baba mzazi. Donner anamfunika mwanawe pua kwa tope jeusi, na mtoto anaanza kuongea kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Siku ya mazoezi ya kuruka, Clarice, reindia mdogo wa kike, anamwambia kwamba anapendeza, Rudolph anaruka kwa furaha kupita wenzake wote, wanacheza, kifuniko kinadondoka. Wenzake wanarudi nyuma. Na Santa, aliyekuwa akiusifia mruko ule dakika moja iliyopita, anamgeukia Donner na kumwambia kwamba anapaswa kuona aibu. Kocha naye anatangaza kuwa huyu mtoto hatacheza tena na wenzake.

Wapo wanaotetea kwamba zama zilikuwa tofauti. Sikubali, kwa sababu filamu yenyewe haiwatetei: Donner anatoka kwenda kumtafuta mwanawe kwenye baridi kali, Santa anakiri kwamba alikosea. Ninachowadai watengenezaji ni kwamba msamaha unakuja karibu sana na ule ukungu wa usiku wa Krismasi, wakati pua imeshaanza kuhitajika kumwangazia Santa njia. Mtoto mwenye akili atauliza: na kama kusingekuwa na ukungu?

Eti Rudolph lazima awe jike, maana madume hawana pembe Desemba

Hoja hii hupendwa na watu wanaopenda kukosoa mezani, na imesimama kwa mguu mmoja. Ni kweli madume wakubwa huangusha pembe baada ya msimu wa kupandana, wengi wao kabla ya Krismasi, na majike hukaa nazo hadi karibu na kuzaa, majira ya kuchipua. Lakini madume wachanga huchelewa kuziangusha, na Rudolph katika filamu ni mtoto wa juzi tu. Vilevile madume waliohasiwa, ambao wafugaji wa Kaskazini huwatumia kukokota mizigo, hukaa na pembe muda mrefu zaidi. Wa kuulizwa ni Donner, dume zima lenye mtoto na pembe kichwani mkesha wa Krismasi.

Eti kosa la tarakimu limeifanya filamu kuwa mali ya kila mtu

Kosa lipo. Kwenye tangazo la hakimiliki, tarakimu za Kirumi za 1964 zilitakiwa kusomeka MCMLXIV. Ikadondoka herufi M moja, ikawa MCLXIV, yaani mwaka 1164. Kosa kama hilo lilikuwa na uzito kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kwa hiyo mjadala si wa kubuni. Lakini mhusika na nyimbo vina hakimiliki zake zinazojitegemea. Anayefikiri anaweza kuipakua, kuikatakata na kuiuza kwa sababu ya herufi moja, atafute mwanasheria kwanza.

Eti Cornelius analamba sururu kutafuta dhahabu

Kila anapofika Yukon Cornelius anarusha sururu juu, inajichomeka kwenye barafu, anaichomoa, analamba ncha, anatangaza kwamba hakuna kitu. Kwa kuwa muda wote anapiga kelele kuhusu fedha na dhahabu, vizazi vya watazamaji vimeamini kwamba anaonja madini hayo. Jibu lilikuwemo katika toleo la kwanza, la 1964. Karibu na mwisho alilamba tena akakuta alichokuwa akikitafuta: mgodi wa peremende. Mwaka uliofuata kipande hicho kikakatwa, mzaha ukabaki bila jibu kwa miongo kadhaa, ingawa kimerudishwa katika baadhi ya matoleo ya video.

Kilikatwa kutafuta nafasi, na aliyeihitaji nafasi hiyo ni mtazamaji. Katika toleo la 1964 Rudolph anafika kwenye kile kisiwa anachotawala simba mwenye mabawa, anakuta treni yenye magurudumu ya mraba, bastola ya maji inayotema jeli, tembo mwenye madoadoa, ng'ombe-boi aliyepanda mbuni. Anaahidi kumwambia Santa awatafutie watoto wa kuwapenda. Halafu filamu inaisha. Santa hakuonekana akienda. Watu wakaandika barua kulalamika kwamba ahadi haikutimizwa, na kwa matangazo ya 1965 ikaongezwa ile sehemu ambayo leo kila mtu huitaja kuwa ndiyo roho ya filamu: gari la Santa linatua kisiwani na kuwabeba wote. Anayekwambia filamu hii iliandikwa kwa ajili ya waliotengwa, mkumbushe kwamba mara ya kwanza waliotengwa waliachwa pale pale kwenye baridi.

Mwishoni pia palibadilishwa. Mwanzo msaidizi wa Santa alikuwa akidondosha vifurushi vyenye majina ya waliotengeneza filamu. Mahali pa vifurushi hivyo sasa anawashusha wale wenye kasoro kutoka angani, kila mmoja akipewa mwavuli wa kumtua. Mtazame vizuri anapomfikia yule ndege wa kuchezea ambaye kasoro yake ni kwamba anaogelea lakini hawezi kuruka. Huyo anamsukuma chini bila mwavuli.