Afisa mwandamizi wa kikosi maalumu ni nani hasa?

Nairobi ikishambuliwa, picha inayosambaa kwenye simu ni ya jamaa aliyefunika uso, bunduki kifuani, akiambaa ukuta. Watu husema makomando wa jeshi wamefika. Mara nyingi hata si jeshi: Recce, walioonekana sana hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa Januari 2019, ni polisi wa GSU. Jeshi lina watu wake, kina 20 Para, yaani wanajeshi wa miavuli, na Rangers. Na hata aliye kwenye picha akiwa mwanajeshi kweli, afisa mwandamizi ni nadra kuwa yeye. Huyo yuko nyuma, penye ramani na redio, na pengine amekaa tu anasikiliza.

Uandamizi jeshini tuuhesabu kuanzia meja: meja, luteni kanali, kanali, brigedia, kisha majenerali. Kabla ya hapo kuna safari. Kwetu, kijana huanzia chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru. Katika majeshi mengi hupelekwa kwanza kikosi cha kawaida, ajifunze kuongoza askari thelathini hivi, ndipo ajitolee kuingia kwenye mchujo wa kikosi maalumu. Mchujo haujali nyota za begani. Afisa hubeba mzigo uleule anaoubeba askari wa chini, na akishindwa anarudi alikotoka.

Akifaulu, asidhani amefika nyumbani. Kwenye vikosi hivi afisa ni mpita njia, sajini ndiye mwenyeji. Timu ya vikosi maalumu vya jeshi la Marekani ina watu 12 chini ya kapteni. Kapteni huyo huongoza miaka miwili hivi, akaondoka kwenda kozi, ofisini au kikosi kingine; masajini wanabaki. Afisa mwenye akili huwasikiliza. Anayepanda cheo hurudi baadaye akiwa meja au luteni kanali, na kila akirudi anakuwa mbali zaidi na mlango unaovunjwa.

Kazi yake basi ni nini? Tazama London mwaka 1980, ubalozi wa Iran ulipotekwa. Askari wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, walikaa siku kadhaa wakijiandaa huku polisi wakizungumza na watekaji. Mei 5 mateka mmoja alipouawa na mwili wake kutupwa nje, afisa wa polisi alitia saini karatasi ya kukabidhi mamlaka kwa Luteni Kanali Michael Rose wa SAS. Shambulio lilichukua kama dakika 17, kisha mamlaka yakarudishwa kwa polisi. Wakati huo mkuu wa Rose, Brigedia Peter de la Billière, alikuwa na kazi ya kuwaeleza wakubwa wa serikali kinachowezekana na kisichowezekana. Luteni kanali kwenye eneo, brigedia mbele ya mawaziri: hiyo ndiyo kazi yenyewe, na sehemu kubwa yake ni kungoja.

Ile karatasi naiona muhimu kuliko bunduki. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa Septemba 2013, Recce waliingia, jeshi nalo likaingia, na vyombo vya habari viliripoti kwamba kamanda mmoja wa Recce aliuawa kwa risasi za upande wa serikali. Ujasiri haukukosekana siku ile. Kilicholalamikiwa ni kutojulikana nani anaamuru nani, na hilo ni swali la maafisa wakubwa, si la kijana aliyeshika bunduki.

Mbele ya hapo taaluma hupanuka. De la Billière, aliyeingia jeshini mwaka 1952 kama askari wa kawaida, aliongoza majeshi yote ya Uingereza kwenye vita vya Ghuba vya 1991, vifaru na ndege vikiwemo. Ndiyo maana afisa anayetarajiwa kupanda hupelekwa vyuo vya ukamanda, kama vile vya Karen hapa kwetu, akasome siasa, uchumi na sheria. Wengine huona huko ni kupoteza makali. Mimi naona ndiko anakojifunza mipaka yake: Kifungu cha 241 cha Katiba ya Kenya kinasema jeshi likisaidia wakati wa dharura ni lazima Bunge la Taifa lipewe ripoti, na likitumwa kurejesha amani popote nchini penye vurugu ni lazima Bunge hilo liidhinishe kwanza.